Masika na Injini: Kamata Kosa Kabla Halijakauka

Mvua za masika zikishika Dar es Salaam kwa wiki mbili mfululizo, gereji za vichochoroni hujaa magari ambayo hayaumwi sana. Lalamiko ni lile lile. Alfajiri gari limepigwa stata mpaka betri imechoka, au limewaka huku linatetemeka na kukosakosa; kufika saa nne, jua limetoka kidogo, limetulia utadhani halikuwa na neno. Mwenye gari analifikisha kwa fundi mchana. Fundi anafungua boneti, anakuta kila kitu kikavu na injini inazunguka vizuri. Kwa vile mteja amekuja na hela na anataka jibu, anabadilishiwa plagi. Usiku mvua inarudi, na asubuhi gari linakataa tena.

Si lazima fundi awe hajui kazi. Kosa linaloletwa na unyevu hukauka, na likishakauka ni vigumu jicho au mashine kulibaini. Aliyeliona ni wewe uliyekuwa nyuma ya usukani saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, uchunguzi wa injini unaanza kwa mwenye gari, na swali la kwanza ni: linakataa lini?

Jibu la swali hilo linapunguza kazi kuliko spana yoyote. Gari likikataa asubuhi baada ya usiku wa mvua, kisha likapona likipata joto, shuku upande wa moto: plagi, waya zake, koili, na distribyuta kwa magari ya zamani. Likianza kukosakosa dakika ileile umepita dimbwi, bado shaka ni upande wa moto, ila kuna jambo baya zaidi la kuondoa kwanza, nalo nitalieleza sasa hivi. Likikohoa kilomita chache baada ya kujaza mafuta, usihangaike na plagi. Fikiria maji kwenye tenki. Na likianza vituko siku kadhaa baada ya mvua kukatika, watu wameshasahau masika, hapo tafuta kutu, tope au panya.

Simu yako ina kazi hapa. Rekodi sauti ya stata, piga picha taa zinazowaka kwenye dashibodi, chukua video ya moshi wa ekzosi. Fundi mzuri ataitazama mara mbili. Fundi asiyetaka kuitazama, na bado anakutajia bei ya koili nne, umeshamjua.

Likizimika majini, usipige stata

Naanza na hili kwa sababu sekunde mbili za haraka hapa huweza kuua injini nzima. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, au maji yakituama kwenye barabara za mitaa ya bondeni, gari dogo likizimika katikati ya maji dereva hufanya anachofanya kila mtu: anazungusha ufunguo. Asifanye hivyo.

Injini huvuta hewa kupitia bomba ambalo kwenye magari mengi madogo ya Kijapani mdomo wake uko karibu na taa ya mbele au juu ya rejeta. Maji si lazima yafike huko yenyewe. Wimbi la lori linalopita upande wa pili linatosha, au wimbi lako mwenyewe ukiingia kwa kasi. Maji yakivutwa yanaingia kwenye silinda, na pale ndipo balaa. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Chukua injini ya 1NZ-FE ya Toyota, iliyomo kwenye IST, Probox na Premio nyingi za 1.5. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, yaani kama 374 kwa kila silinda, na inabana hewa mara 10.5. Piga hesabu: nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni mililita 39 hivi. Maji hayo hayajazi vijiko vitatu vya mezani. Yakizidi hapo, pistoni inagonga ukuta usiosogea, na kitakachopinda ni konrod, ule mkono unaoishika pistoni.

Kwa hiyo zima swichi, washa taa za hatari kama ni salama, weka gia nyutro, na waache vijana walisukume mpaka pakavu. Walisukume kulitoa tu. Wakikushauri uingize gia ya pili liwake kwa kusukumwa, kataa: konrod inapinda vilevile, iwe imezungushwa na stata au na matairi.

Pakavu, fungua boksi la eya klina. Filta ikiwa kavu na chini ya boksi hakuna maji, huenda ni waya tu zimelowa, na unaweza kupumua. Ikiwa imelowa, au bomba kati ya filta na injini lina maji, hesabu kwamba silinda zimekunywa mpaka uthibitishe vinginevyo. Vuta stiki ya oili uitazame: oili ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho, au imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshashuka chini.

Kazi inayofuata ni ya fundi, lakini ijue ili usidanganywe. Anatoa plagi zote. Anachomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya mafuta, ili kusiwe na cheche wala petroli. Kisha ndipo stata inapigwa, kwa vipande vifupi, na watu wamesimama pembeni, kwa sababu maji yataruka kupitia matundu ya plagi kwa nguvu. Yakiisha, anatia oili kidogo katika kila silinda, anazungusha tena, anabadilisha oili na filta yake, ndipo plagi zinarudi. Oili hiyo mpya nayo ibadilishwe mapema, baada ya siku chache za kutembea, kwa kuwa maji huwa hayatoki yote kwa mara moja.

Gari likiwaka, sikiliza. Mgongano wa chuma usiokuwapo jana, au mtetemo usioisha hata kwa plagi mpya, ni dalili ya konrod iliyopinda. Omba mgandamizo upimwe kwenye silinda zote, zinatakiwa kukaribiana. Moja ikiwa chini peke yake baada ya gari kunywa maji, usikubali maneno ya "litakaa sawa lenyewe". Konrod iliyopinda kidogo huweza kutembea miezi, kisha ikatoka kwa kutoboa bloku.

Stata inasemaje?

Turudi kwenye asubuhi ya kawaida, gari limelala nje mvuani, halikuingia majini. Geuza ufunguo usikilize. Kuna stata isiyozunguka, kuna inayozunguka lakini injini haishiki, na kuna injini inayoshika lakini inakosakosa. Ni habari tatu tofauti, na watu huzichanganya kwa neno moja: "gari haliwaki".

Isiyozunguka, au inayozunguka kwa uvivu, ni habari ya umeme wa betri. Wakati wa masika betri hufanya kazi mara mbili: taa mchana kutwa, waipa, feni ya kupuliza kioo, na foleni ndefu ambamo injini iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na alternata inazalisha kidogo. Mita ya umeme ya bei nafuu, zinauzwa Kariakoo kila kona, itakuambia mengi. Betri iliyopumzika usiku kucha inatakiwa kusoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi. Chini ya 12 imeisha. Gari likiwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na pointi, alternata haichaji, na betri mpya utakayonunua leo itakufa wiki hii hii.

Kabla ya kununua chochote angalia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huongezeka haraka kwenye unyevu, na Pwani chumvi ya hewani inausaidia. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, yasiingie ndani ya betri, piga brashi, suuza, kaza. Anza kufungua upande wa hasi, na ufunge hasi mwisho.

Kisha ufuate waya wa ethi, ule mnene unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Huu husahaulika. Pale unapofungwa kwa boliti kwenye bodi ndipo kutu hujificha. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Kuifungua, kuisugua kwa msasa na kuirudisha ni kazi ya robo saa, nayo imeshaokoa stata nyingi zisitupwe bure.

Mkanda wa alternata ukipiga kelele dakika moja ya kwanza asubuhi ya mvua, umelowa tu. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, umelegea au umechakaa.

Inazunguka, haishiki, au inashika na kukosakosa

Hapa ndipo mvua inapocheza zaidi. Umeme unaofika kwenye plagi ni wa volti elfu nyingi, mara nyingine hata zaidi ya 20,000, na umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia fupi. Ukuta wa mpira ukiwa mkavu na mzima, unalazimika kupita kwenye plagi. Mpira ukiwa na ufa na ufa ukawa na unyevu, unatoroka kwenda kwenye chuma cha karibu, na silinda hiyo inabaki bila moto.

Kwa magari yenye distribyuta, mfano Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, au RAV4 za miaka ya 1990 zenye 3S-FE, chunguza kifuniko cha distribyuta kwanza. Kifungue, kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kitazame ndani kwenye mwanga. Unachotafuta ni mstari mwembamba mweusi, mfano wa alama ya penseli, unaotoka kwenye ncha moja ya shaba kwenda nyingine. Mstari huo ni njia ambayo moto umejichimbia. Kuufuta hakusaidii, kifuniko kinabadilishwa pamoja na rota. Waya za plagi nazo zina umri. Zikiwa ngumu, zinapasuka ukizikunja, zimekwisha.

Kipo kipimo cha zamani ambacho hakijapitwa na wakati. Subiri giza liingie, washa gari, fungua boneti, zima taa zote za uani. Kama moto unatoroka utauona: vicheche vya bluu vinavyoruka kwenye waya, na mara nyingine utavisikia vikitatarika. Na hata mchana, gari likiwa limekauka na limetulia, chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kupigia pasi, upulize ukungu mwepesi kwenye waya moja, subiri, kisha nyingine. Pale injini itakapoanza kukosakosa ndipo penye ufa. Kwa njia hii unairudisha asubuhi ya mvua mchana kweupe, fundi akiwa anatazama. Usishike waya wakati injini inawaka, na usipulize karibu na petroli inayovuja. Kama unanusa petroli, zima kwanza utafute inakotoka.

Magari ya baadaye, yenye koili moja juu ya kila plagi, hayana waya hizo ndefu, na wengi hudhani yamesalimika. Hayajasalimika. Plagi zimekaa ndani ya visima virefu juu ya injini. Maji yakiingia humo, hayana pa kutokea, na mpira wa koili unakaa umelowa siku nyingi. Ndiyo sababu sailensa huyumba asubuhi na kutulia baadaye. Toa koili moja moja, uone kama mpira una unyevu, ukoga wa kijani kwenye springi ya ndani, au mstari mweusi kwenye kauri nyeupe ya plagi. Kama kisima kina maji, yapulize kwa upepo wa kompresa kabla ya kufungua plagi. Ukifungua kwanza, maji na mchanga vinamwagika moja kwa moja ndani ya silinda. Kisima kikiwa na oili badala ya maji, hilo ni gasketi ya kifuniko cha valvu, si mvua.

Kujua ni silinda ipi inayokosa, gari likiwa sailensa, chomoa soketi ndogo ya koili moja, sikiliza, irudishe, nenda nyingine. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inayumba zaidi. Ukichomoa na mlio usibadilike, umeipata iliyolala. Fanya haraka, maana kila unapochomoa, petroli isiyoungua inakwenda kwenye ekzosi. Sasa usikimbilie dukani. Hamisha koili ile iende silinda ya jirani. Kosa likihama nayo, koili ni mbovu. Likibaki palepale, koili haina hatia. Jaribu kuhamisha plagi, na likibaki tena, fikiria injekta, waya wa soketi au mgandamizo. Kubadilishana vitu vilivyomo kwenye gari lako mwenyewe hakugharimu senti, na ndicho kipimo ambacho fundi mwenye haraka hukiruka.

Koili iliyolowa tu, ambayo haijapasuka, ikaushwe na mpira wake upakwe kidogo grisi ya silikoni ya umeme kwa ndani. Isiwe grisi ya bearing, ambayo hula mpira. WD-40 hufukuza maji na huweza kukufikisha kazini leo, lakini haizibi ufa.

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima wakati gari linakosakosa, usiendelee na safari ya Kibaha ukijipa moyo. Petroli ambayo haikuungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na masega yakiyeyuka yanaziba, na gari linaanza kukosa nguvu kwa sababu nyingine kabisa.

Mashine inataja silinda, haitaji kifaa

Siku hizi hata fundi wa chini ya mwembe ana kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu. Ni kitu kizuri. Namba P0300 inasema silinda zinakosa bila mpangilio. P0301 ni ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0335 inahusu sensa ya kuzunguka kwa krenki, ambayo iko chini ambako tope hurukia, na ikikosea gari linaweza kuzunguka bila kushika kabisa. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Baada ya mvua mara nyingi mtu alifungua eya klina kuikausha na hakurudisha bomba vizuri.

Lakini P0302 haimaanishi "nunua koili ya pili". Inamaanisha silinda ya pili haikuungua. Kwa nini, hilo ni la mikono yako na majaribio ya hapo juu. Na mwambie fundi aziandike namba zote kabla ya kuzifuta. Wengi huanza kwa kufuta ili "tuone kama itarudi", na kwa kosa la unyevu haitarudi mchana ule. Itarudi usiku, ukiwa peke yako. Kuchomoa betri nako hufuta kumbukumbu, kwa hiyo soma kwanza, safisha betri baadaye. Baadhi ya magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaelewani na vifaa vya bei rahisi. Kifaa kikikosa mawasiliano, haimaanishi kontrol boksi imekufa.

Maji kwenye mafuta

Dalili yake ina saa yake: umejaza, umetembea kidogo, gari linaanza kukohoa, linapoteza nguvu kwenye mlima, linazima, halafu linawaka kwa taabu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji yanakaa chini ya tenki, na pampu nayo inavuta chini. Ndiyo maana kikombe kimoja cha maji kinatosha kulisimamisha gari lenye lita thelathini za mafuta mazuri.

Yanaingiaje? Tenki la ardhini la kituo lililopitisha maji ya mafuriko ni njia mojawapo. Mpira wa mfuniko wa tenki lako uliopasuka ni nyingine, na dumu la akiba lililokaa nje mvuani ni nyingine tena.

Uthibitisho ni chupa safi ya kioo. Fundi achote mafuta ya chini kwa kutumia bomba la pampu, mahali pa wazi, hakuna sigara wala jiko karibu. Chupa itulie nusu saa. Maji yatashuka na utaona mstari unaoyatenga na petroli. Ukiona kitu kimoja tu kisicho na mstari, usishangilie bado, nusa. Pampu ikiwa imekaa kabisa kwenye maji, chupa nzima inaweza kuwa maji. Wapo wanaomimina spiriti tenki lipone. Spiriti hubeba unyevu kidogo, haimalizi kikombe. Tenki lishushwe au linyonywe mpaka mwisho, na filta ibadilishwe kama inabadilishika. Risiti ya kituo itunze, na chupa ile pia: ukienda kulalamika kwa meneja, au kwa EWURA ambayo ndiyo msimamizi wa biashara ya mafuta Tanzania Bara, mkono mtupu hausemi.

Kwa dizeli mambo ni makali zaidi, kwa sababu pampu na injekta zake hulainishwa na mafuta yenyewe. Pikapu nyingi zina kikombe cha kutenga maji chini ya filta, chenye koki ya kufungua, na taa yake kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwaka, simama ufungue koki umwage mpaka yatoke mafuta matupu. Isisubiri mwisho wa wiki.

Yanayokuja jua likishatoka

Mwezi Juni, barabara kavu, gari linaanza kuchemka kwenye foleni. Hapa huenda hakuna aliyehusisha na maji ya Aprili. Chungulia mbele ya rejeta, kati yake na kondensa ya kiyoyozi: tope lililokauka na nyasi huziba matundu, hewa haipiti. Lioshe kwa maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo ili mapezi yasilale. Hakikisha pia feni inazunguka injini ikipata joto. Mota ya feni iliyopitiwa na maji machafu hukwama taratibu, nayo haikutoi jasho mpaka siku ya foleni.

Oili irudie kutazamwa. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili, kwa gari linalotembea kilomita mbili tatu kila siku kipindi cha baridi na unyevu, mara nyingi ni mvuke tu uliogandia. Lipeleke safari ndefu lipate joto la kweli, utaondoka. Lakini stiki yenyewe ikitoka na oili ya rangi ya maziwa, au kulanti inapungua bila kuvuja, au moshi mweupe hauishi hata injini ikiwa ya moto, hiyo ni gasketi ya silinda hedi au maji yaliyoingia, na gari lisitembee. Moshi mweupe wa dakika chache za asubuhi na matone ya maji kwenye ekzosi usivihangaikie.

Kama maji yalifika sakafuni, zulia litoke lote, na sponji yake ya chini. Kulipuliza kwa juu hakutoshi. Waya hupita chini yake, na kontrol boksi kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya dashibodi upande wa abiria, si mbali na hapo. Soketi zikishika ukoga wa kijani, gari linakuwa na tabia mpya kila siku: leo linakataa kushika sailensa, kesho taa ya mfuko wa hewa inawaka, keshokutwa halina neno. Tabia za namna hiyo zisikufanye ununue sensa. Zikufanye ufungue soketi moja moja, uzipulizie dawa ya kusafishia umeme, uzikaushe. Anayenunua gari la mtumba kwa mtu mitaa ya bondeni mwezi Julai ainue pembe ya zulia aguse sponji kabla ya kuuliza bei.

Na panya. Mashimo yakijaa maji huhamia juu, na juu ya injini iliyopoa usiku pana joto na pakavu. Waya iliyotafunwa huonyesha shaba inayong'aa na vipande vya plastiki juu ya bloku, mara nyingi na kinyesi pembeni. Kabla ya kumlaumu fundi aliyegusa gari wiki iliyopita, pitisha tochi nyuma ya injini na chini ya kifuniko cha plastiki.

Mwisho, chanzo cha maji kwenye visima vya plagi mara nyingi hakiko chini, kiko juu. Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa, kuna mfereji unaokusanya maji ya mvua na kuyatoa pembeni kwa matundu mawili. Ukiegesha chini ya mwembe au mwarobaini, majani huyaziba, mfereji unafurika, na maji yanadondokea injini usiku kucha. Wengine hujimwagia wenyewe, kwa kuoshesha injini kwa mashine ya presha kisha kulaza gari likiwa limelowa. Toa majani kwa mkono kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba. Kisha mimina kikombe cha maji upande wa dereva na kingine upande wa abiria, uchungulie: yanatakiwa yatoke karibu na tairi la mbele, kila upande kwake. Yakitokea juu ya injini, fungua kile kifuniko cha plastiki cha mfereji, na utafute raba iliyoraruka.